Adui gani anafaa komedi yenu? Wabaya wa Brooklyn Nine-Nine wakilinganishwa

Ukiandika komedi ya runinga yenye wahusika wakuu saba au tisa, swali la adui huja mapema, na mara nyingi hujibiwa vibaya. Waandishi huanza na ubaya wake: ni jambazi, ni bosi katili, ni shemeji mwenye fitina. La kuuliza kwanza ni hili: akiingia mlangoni, hao tisa watafanya nini ambacho wasingekifanya asipokuwepo?

Brooklyn Nine-Nine inafaa sana kupimia jambo hilo. Kipindi hiki kilibuniwa na Dan Goor na Michael Schur, kikaanza kurushwa na Fox Septemba 2013. Fox ilikifuta Mei 2018, NBC ikakichukua siku iliyofuata, na kikamalizika Septemba 2021 baada ya misimu 8 na sehemu 153. Muda wote huo kundi lilibaki karibu lilelile, kwenye kituo kilekile cha polisi: mpelelezi Jake Peralta, Kapteni Raymond Holt, Amy Santiago, Rosa Diaz, Charles Boyle, Sajenti Terry Jeffords, katibu Gina Linetti (mpaka alipoondoka msimu wa 6), na wazee wawili wavivu, Hitchcock na Scully. Waliobadilika ni wabaya. Kwa hiyo unaweza kuwaweka bega kwa bega ukaona kila mmoja alileta nini na aligharimu nini.

Gharama yenyewe ni dakika. Komedi ya nusu saa ya Marekani, ukitoa matangazo, ni dakika 21 au 22. Onyesho la kufungulia, lile la kabla ya muziki wa kipindi, linachukua moja au mbili. Zinabaki kama 20, na ndani yake kuna visa viwili au vitatu vinavyokwenda sambamba. Ukimpa mgeni dakika 8, wenyeji 9, yaani wahusika wakuu, wanagawana 12. Hesabu hiyo ndiyo inayoua komedi nyingi za kundi: adui anapendeza, anapewa nafasi zaidi, na baada ya sehemu tatu watazamaji wanauliza Rosa yuko wapi.

Doug Judy na Wuntch: wawili wa kudumu, njia mbili

Hawa ndio maadui wanaokumbukwa kuliko wote, na kila mmoja amejengwa juu ya mwenyeji mmoja. Doug Judy ni wa Jake. Madeline Wuntch ni wa Holt. Zaidi ya hapo hawafanani kabisa.

Doug Judy, aliyeigizwa na Craig Robinson, anaingia katikati ya msimu wa 1 akiwa mtuhumiwa wa Rosa kwenye kesi ya wizi wa utambulisho. Anasema anamjua mwizi maarufu wa magari ya Pontiac, mtu ambaye Jake amemsaka kwa miaka. Jake anamwamini, anafurahi naye, anacheka naye, na ndipo inapogundulika kwamba mwizi huyo ni yeye mwenyewe, na ameshatoroka. Tazama kazi iliyofanyika hapo. Jake anajivunia vitu viwili: kwamba yeye ni mpelelezi hodari na kwamba kila mtu anampenda. Judy amevigusa vyote kwa siku moja, tena bila bastola wala matusi. Kamshinda akili, na amemshinda kwa kuwa rafiki wa kweli kuliko alivyotarajia.

Siri yake ya pili ni idadi. Judy anatokea mara moja tu kila msimu: sehemu 8 kati ya 153. Na kila akirudi, uhusiano umebadilika. Msimu wa 2 amekamatwa na anauza habari kuhusu dawa za kulevya ambazo kikosi cha Rosa kinazifuatilia. Msimu wa 3 ni mwanamuziki kwenye meli ya kitalii na ndiye anayeomba ulinzi, maana kuna mtu anataka kumuua. Jake na Amy, waliokuwa likizo, wanajikuta kazini. Msimu wa 4 Jake na Holt wanamhitaji ili kumpata mfungwa mtoro ambaye aliwahi kulelewa naye. Msimu wa 6 kuna dada yake, Trudy, naye mwizi. Mwisho kabisa, msimu wa 8, Jake ndiye anayemsindikiza gerezani, na hapo hakuna hata mmoja wao anayeitaka safari hiyo.

Sasa kasoro, maana ipo. Adui anayependwa huisha makali. Kufikia msimu wa 4 hakuna mtazamaji aliyekuwa bado anamwogopa Judy, na waandishi walilazimika kuleta hatari kutoka kwingine: ndugu, dada, majambazi wengine. Yeye mwenyewe akawa mshirika. Ukichagua njia hii, jua kwamba una takriban sehemu tatu za uadui wa kweli. Baada ya hapo una urafiki wenye mashaka, ambao ni mali nzuri, lakini utahitaji mbaya mwingine wa kuubana. Na usithubutu kumrudisha sehemu mbili mfululizo. Kinachomfanya Judy awe sikukuu ni kusubiriwa.

Wuntch ni habari nyingine. Kyra Sedgwick aliingia mwanzoni mwa msimu wa 2, na watazamaji wengi walikuwa wanamfahamu kama naibu mkuu wa polisi wa Los Angeles kwenye The Closer, kazi iliyompa tuzo ya Emmy 2010. Andre Braugher naye alipata Emmy 1998 kwa kuigiza mpelelezi kwenye Homicide: Life on the Street. Kwa hiyo wanapokaa kwenye chumba kimoja unaona waigizaji wawili wa tamthilia nzito za polisi, nyuso zimekauka, migongo imenyooka, wakipigana mipasho kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Hakuna anayecheka, hakuna anayepaza sauti. Kichekesho chote kinatokana na ukali wa maneno na utulivu wa sura.

Lakini mipasho peke yake isingetosha. Kinachompa Wuntch meno ni cheo chake cha naibu chifu. Kwenye polisi ya New York, kapteni yuko ngazi tatu chini ya naibu chifu: juu ya kapteni kuna naibu inspekta, kisha inspekta, kisha naibu chifu. Holt hawezi kumwamuru chochote. Anaweza tu kumzidi maarifa, na Wuntch naye anaweza kumrudishia kwa saini. Pigo lake zuri kuliko yote ni la mwisho wa msimu wa 2: anampandisha Holt cheo na kumpeleka kuongoza ofisi ya uhusiano wa umma. Mtu anaadhibiwa kwa zawadi. Holt hawezi kukataa bila kuonekana mjinga, na kituo kinampoteza kapteni wake. Mwisho wa msimu wa 6, akiwa kaimu kamishna, anamteremsha kuwa askari wa doria mwenye sare. Mapigo mawili, yote ya makaratasi, na yote yanabadilisha maisha ya kila mtu kituoni.

Hapo ndipo Wuntch anapomzidi Judy kwa mwandishi wa kundi. Judy anagusa Jake, na kwa kiasi fulani Rosa. Saini ya Wuntch inamgusa Amy, ambaye alikuja kituoni akitafuta mlezi wa kazi kwa Holt. Inamgusa Terry, anayebaki kushikilia nidhamu. Inamgusa Jake, aliyepata kwa Holt baba ambaye baba yake mwenyewe hakuwa. Jeraha moja, wahusika wanne, ukimhesabu Holt, wanaugulia, kila mmoja kwa namna yake.

Tatizo lake linaonekana ukihesabu dakika za mipasho. Watu wawili wakichambana, wengine wanageuka watazamaji. Dawa yake ni kuweka shahidi mmoja ndani ya chumba, na awe shahidi mwenye haja yake mwenyewe: Amy anayemwogopa Wuntch lakini anaheshimu cheo chake, au Jake anayetaka kuchangia mpasho na hajui mizani yake. Mashahidi wawili tayari ni umati. Dawa ya pili ni kumpa adui kifo au kuondoka kunakogharimu kitu. Wuntch anakufa msimu wa 7, na sehemu hiyo inamlazimisha Holt asimame mbele ya watu kumzungumzia marehemu aliyemchukia kwa miongo. Ni kati ya nafasi adimu ambapo Holt anaonekana kupoteza kitu ambacho hakujua ni chake.

Wanaokalia kiti cha bosi

Kuna aina ya adui ambayo ni rahisi kuandika na rahisi kuchosha: mgeni anayepewa kiti cha bosi anayependwa. Kipindi hiki kiliijaribu mara tatu, na matokeo yalikuwa tofauti kabisa.

Seth Dozerman (Bill Hader) anachukua nafasi ya Holt mwanzoni mwa msimu wa 3, anataka kila kitu kifanyike kwa kasi na kwa vipimo, na anakufa kwa moyo ndani ya sehemu ileile. Kama adui hana uzito. Kazi yake ni kumfungulia mlango anayefuata, na kwa kazi hiyo dakika chache zinatosha.

Anayefuata ni Keith Pembroke, wanayemwita Tai, yule ndege mla mizoga. Dean Winters alimleta mapema sana, sehemu ya 5 ya msimu wa 1, na wazo lake ni safi: kikosi cha makosa makubwa kina mamlaka ya kuchukua kesi yoyote, naye huichukua ikiwa imebaki hatua moja kuisha, kisha anajipigia kifua. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anamjua huyu bila kuelezwa. Udhaifu wake ni kwamba ana mchezo mmoja. Sehemu ya kwanza unachukia, ya pili unajua kitakachotokea. Waandishi waliliona hilo, na msimu wa 3 wakambadilishia silaha badala ya kumbadilisha tabia: akiwa kapteni, anamwamuru Jake aachane na Amy, uchumba ukiwa bado mbichi. Msimu wa 5 anakalia ukumbi ambao Jake na Amy waliutaka kwa harusi yao. Tabia ni ileile, kunyang'anya kilichokaribia kuiva, ila kinachonyang'anywa kimepanda thamani, kutoka kesi hadi mapenzi hadi harusi. Ukiwa na adui wa mchezo mmoja, hiyo ndiyo njia ya kumtumia tena: acha mchezo, badilisha dau.

C.J., yaani Jason Stentley wa Ken Marino, anapewa kituo mwanzoni mwa msimu wa 4 Holt na Jake wakiwa mafichoni. Hadhulumu mtu. Anakubali kila anachoombwa. Hapo awali wenyeji wanafurahia, kisha wanagundua kwamba kituo kisicho na "hapana" hakifanyi kazi. Kwangu C.J. ndiye bora kati ya watatu kwa funzo la uandishi, kwa sababu anamlazimisha kila mwenyeji aonyeshe tabia yake: nani atatumia mwanya, nani atakosa raha, nani atajaribu kumwokoa bosi asiyejua anazama. Ni adui wa gharama nafuu pia. Hahitaji bunduki, wala gari, wala mahali papya pa kushuti. Anahitaji mwigizaji anayeweza kuwa mwema bila kuwa mwerevu, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika, maana akionekana punguani tu, hasara anayoleta haimhusu mtu.

Wenye damu mikononi

Figgis, Hawkins, Murphy. Hapa komedi inagusa uhalifu mzito, na hapa ndipo wengi huharibu.

Jimmy Figgis, jina la kazi Mchinjaji, aliigizwa na Eric Roberts, na kwa sehemu kubwa hayupo. Msimu wa 3 tunamjua kupitia Adrian Pimento, polisi aliyejificha ndani ya genge lake kwa miaka 12 na kutoka akiwa amevurugika. Tunamjua kupitia Bob Annderson, wakala wa FBI na mwenzake wa zamani Holt, anayegundulika kuwa kibaraka. Kisha sauti kwenye simu inamtisha Jake, na yeye na Holt wanapelekwa Florida chini ya mpango wa kulinda mashahidi, kwa majina ya Larry na Greg. Mpangilio huo ni mzuri: hofu imetangulia, na aliyevurugwa na hofu hiyo ni mtu wa kuchekesha. Unacheka na Pimento huku ukielewa kwamba aliyemfanya hivyo bado yuko huru.

Bei yake ni kulivunja kundi. Kwa sehemu tatu za mwanzo wa msimu wa 4, wenyeji wawili wakuu wako Florida na wengine wamebaki New York. Unapata Jake na Holt wakiishi uongo pamoja, kitu ambacho kituo kisingeweza kuwapa, lakini unampoteza Amy kwa Jake, Terry kwa Holt, na ile kelele ya watu tisa kwenye chumba kimoja. Sehemu tatu ndizo kikomo. Waandishi walijua hilo na wakamkamata Figgis kwenye ya tatu.

Luteni Melanie Hawkins (Gina Gershon) ni mbaya wa aina nyingine. Ni polisi shujaa ambaye Jake na Rosa wanamtamani kama mfano wa kuigwa, na kumbe kikosi chake ndicho kinachoiba benki. Anawabambikia wizi huo, na msimu wa 4 unafungwa kwa mahakama kuwakuta na hatia. Anagusa mahali ambapo Figgis hawezi kufika, imani ya Jake kwamba polisi hodari ni polisi mwema. Lakini tazama tatizo. Watazamaji wanajua steringi hafi, na wanajua Jake hatakaa gerezani msimu mzima. Kwa hiyo msimu wa 5 unapofunguka, swali halihusu tena kama atatoka. Linahusu bei. Jibu la waandishi ndilo ninalowashauri kuliiga: Holt, akiwa ameishiwa njia za halali, anamwendea bosi wa mafia, Seamus Murphy, na kupata msaada kwa ahadi ya kumlipa fadhila siku ijayo. Hawkins anaanguka katika sehemu ya pili ya msimu, na anguko lake lenyewe ndilo linalomzaa adui mpya.

Murphy (Paul Adelstein) kisha anakuja kudai. Sasa mwenye kosa ni Holt, mtu asiyevunja kanuni hata ya kujaza fomu, na anayelipa ni mume wake, Kevin, anayefichwa kwenye nyumba ya usalama akiwa na Jake, bila kuruhusiwa karibu chochote. Komedi inarudi kwenye watu wawili wasiofanana waliofungiwa pamoja, wakati tishio liko nje. Ukitaka mnyororo wa hatari kubwa usiue kicheko, fuata utaratibu huo: hatari inabaki nje ya mlango, na wahusika wawili wenye tabia zinazogongana wanabaki ndani.

Makosa ya kawaida kwenye aina hii ni matatu. La kwanza, adui mzito anapewa utani mwingi. Akishachekesha yeye, wenyeji hawana cha kuogopa na wala hawana cha kuchekesha. Figgis hafanyi mzaha. La pili, kumweka kwenye onyesho moja na wenyeji wote. Dhidi ya watu tisa, jambazi mmoja anaonekana mdogo. La tatu, kumwachia amalizwe na bahati. Katika komedi ya kundi adui amalizwe na ile tabia ya mwenyeji ambayo sehemu zote zilizotangulia zilikuwa zinaicheka.

Mfumo kama adui

Kamishna John Kelly (Phil Reeves) wa msimu wa 6 anamshinda Holt kwenye uteuzi, kisha anarudisha sera ya kusimamisha watu barabarani na kuwapekua, na baadaye anabainika kusikiliza simu za watu bila kibali. Frank O'Sullivan (John C. McGinley) wa msimu wa 8, kiongozi wa chama cha askari, anatetea kila askari kwa kila kosa. Msimu huo uliandikwa upya baada ya George Floyd kuuawa na polisi mwaka 2020, na Rosa anaanza akiwa ameshaacha upolisi.

Nia ilikuwa njema na ilistahili. Kama maadui wa komedi, hawa wawili ni wazito kubeba. Kelly hana udhaifu wa kuchekesha, na anapigania kitu ambacho hakiwezi kuisha ndani ya dakika 22. O'Sullivan anafanya kazi zaidi, kwa sababu ana vituko vyake, ikiwemo kumhusudu mno mwanamuziki Billy Joel, na kwa sababu McGinley anakaba kila onyesho kwa sauti yake. Ukitaka kuandika dhidi ya mfumo, mpe mfumo uso wa mtu mwenye tabia ya kipuuzi ambayo anaithamini sana. Njia ambayo kipindi kilitumia kumwangusha Kelly nayo inafaa kuangaliwa: mwisho wa msimu wa 6 wenyeji wanawaomba msaada Wuntch, Tai na C.J. kwa pamoja. Maadui watatu wa zamani, kila mmoja na sumu yake, wanatumika dhidi ya mmoja mkavu. Huwezi kufanya hivyo msimu wa kwanza. Ni faida ya kutowamaliza wote.

Daktari wa meno, usiku mmoja

Sehemu ya 14 ya msimu wa 5, The Box, ilirushwa Aprili 2018. Philip Davidson, daktari wa meno anayeshukiwa kumuua mshirika wake wa kazi, amekaa kwenye chumba cha mahojiano. Jake na Holt wana mpaka asubuhi kumfanya akiri, la sivyo anaondoka. Karibu muda wote ni meza, viti, na watu watatu. Sterling K. Brown aliteuliwa kuwania Emmy kama mwigizaji mgeni kwa kazi hiyo.

Ukiisoma kama mwandishi, imejengwa kwa majaribio yanayoshindwa moja baada ya jingine, na kila linaloshindwa linafichua tabia. Wanajaribu polisi mjinga na polisi mwerevu. Wanajaribu kumdanganya kuhusu ushahidi, naye anaunasa uongo huo. Holt anajaribu kumuudhi kwa kumwambia kwamba daktari wa meno si daktari. Davidson anageuza mazungumzo na kuwabeza wenye shahada za uzamivu wanaojiita madaktari, na anayelipuka ni Holt, kwa kuwa Kevin ni profesa. Mtu aliyekuja kuchokoza ndiye aliyechokozwa. Mwishowe Jake anaacha kutafuta ushahidi na kumsimulia Davidson mauaji hayo kana kwamba yalikuwa ya papara, ya mtu asiye na mpango aliyeokolewa na bahati. Davidson havumilii. Anasahihisha hatua kwa hatua, kwa fahari, na kusahihisha huko ndiko kukiri.

Kila kitu kimo humo: adui ana sifa moja anayojivunia, sifa hiyo imeonyeshwa tangu dakika ya kwanza, na hiyohiyo inamwangusha. Kwa gharama, hakuna mfano wa chini zaidi: chumba kimoja, mgeni mmoja. Kwa uzito wa uandishi, hakuna mgumu zaidi, kwa kuwa hakuna kisa cha pembeni cha kukimbilia mazungumzo yakilegea. Na wenyeji wengine karibu hawaonekani. Sehemu kama hii ifanywe mara moja kwa msimu, tena baada ya watazamaji kuwazoea hao wawili wanaobaki. Iliwekwa msimu wa 5. Ingewekwa msimu wa 1, hasira ya Holt isingemaanisha chochote.

Au msilete mgeni kabisa

Kila msimu, kuanzia Halloween ya mwaka wa kwanza, wenyeji wanafanyiana wizi wa mashindano. Mara ya kwanza Jake anaweka dau kwamba ataiba nishani ya Holt kabla ya saa sita usiku, na anafaulu kwa kuwa wenzake wote walikuwa upande wake kwa siri. Mwaka wa pili Holt analipiza, akiwa amejipanga kwa mwaka mzima. Mwaka wa tatu hakuna timu inayomtaka Amy, kila upande ukimshuku kwamba atatumikia upande mwingine. Anaumia, anacheza peke yake, na anawashinda wote. Baadaye Gina anashinda, Terry anashinda, Rosa anashinda.

Kwa kundi, hii ndiyo aina yenye faida kubwa kuliko zote nilizotaja. Dakika zote 20 ni za wenyeji. Kila mmoja anakuwa adui kwa zamu, kwa silaha ya tabia yake. Inachohitaji ni sheria tatu zilizosemwa wazi mwanzoni: kinachoibwa ni nini, muda unaisha lini, na mshindi anapata nini. Inapoharibika, huharibika kwa wingi wa hila: mbinu ndani ya mbinu ndani ya mbinu, mpaka mtazamaji anaacha kufuatilia na kusubiri tu kuambiwa nani kashinda. Mashindano ya miaka ya mwisho yaliugua hivyo mara kadhaa.

Sasa chagua

Andika majina ya wenyeji wako kwenye safu moja, na mbele ya kila jina kitu kimoja anachojivunia. Kisha mpitishe kila adui unayemfikiria kwenye safu hiyo. Akigusa jina moja, ana sehemu moja ndani yake. Akigusa mawili au matatu, anaweza kurudi. Akigusa manne au zaidi, kama Wuntch, mpe cheo au mamlaka na umweke kwa misimu.

Msimu wa sehemu 6 fupi za mtandaoni: mashindano ya wenyeji mara moja, na mtu wa aina ya C.J. kwa sehemu mbili. Usijaribu mafia, huna muda wa kuijenga hofu wala wa kuilipa. Msimu wa sehemu 13: adui mwenye cheo anayetokea sehemu tatu, ya 2, ya 7 na ya mwisho, na mtu wa aina ya Judy mara moja, katikati. Msimu wa sehemu 20 na zaidi unaruhusu mnyororo wa Hawkins na Murphy, mradi uwe umeshaamua kabla ya kuandika sehemu ya kwanza nani atadaiwa fadhila na kwa nini hawezi kukataa.

Ukishamaliza skripti, mfute adui kwenye kila onyesho alilomo na usome yaliyobaki. Kama mazungumzo ya wenyeji bado yanaeleweka bila yeye, amekaa tu kwenye fremu, na dakika zake wapewe wenyewe. Na kama mwigizaji unayemtaka anapatikana siku mbili tu za kushuti, usimsambaze kwenye sehemu nne kwa maonyesho ya nusu dakika. Mfungie chumbani na wenyeji wawili, mpe usiku mmoja, na umwandikie kitu kimoja cha kujivunia.